Mrejesho: Nyumba ya mbao msituni Magamba, Lushoto

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu kukaa siku tatu na mke wangu katika nyumba ndogo ya mbao ya kupangisha, pembezoni mwa msitu wa Magamba, mahali pasipofikiwa na umeme. Tumerudi salama, na ninawashukuru wote mlionijibu.

Aliyesema tununue kuni kavu Lushoto mjini kabla ya kupanda alituokoa, kwa maana zile tulizozikuta nyuma ya nyumba zilikuwa mbichi, zikitoa povu kwenye ncha na moshi wa kututoa machozi. Jiko la mkaa tuliliacha nje usiku, kama mlivyosisitiza kuhusu hewa yake ya sumu, ingawa baridi ya Julai ilitulaza na makoti.

Taa ya sola ndiyo iliyotuangusha: ukungu ulitanda kutwa nzima, betri ikaisha saa mbili usiku, tukabaki na kandili ya mwenye nyumba. Aliyeniahidi mbega hakukosea, ila hakutaja kwamba wangerukaruka juu ya bati alfajiri. Atakayekwenda abebe tochi mbili.