Volkswagen ya 1966: sili imebadilishwa mara mbili, tairi la nyuma bado linalowa oili. Msaada wakuu

Kobe66
Habari zenu wakuu. Nina Beetle ya 1966, ile ambayo ekseli za nyuma zimo ndani ya mabomba yanayopanda na kushuka pamoja na tairi. Shida iko nyuma kushoto. Nikiiegesha usiku, asubuhi nakuta doa chini, na rimu kwa ndani imeganda tope la oili na vumbi. Fundi alibadilisha sili, ule mpira unaozuia oili isitoke kwenye ekseli, haikumaliza wiki mbili. Nikafungua mwenyewe, nikaweka sili mpya na kupaka silikoni kila mahali. Siku tisa tu, yaleyale. Sasa hendibreki inashika upande mmoja. Kuna mtu kanishauri nihamie oili nzito. Niifuate hiyo?

Dereva_Mstaafu
Kabla ya yote, una uhakika ni oili ya giaboksi? Silinda ya breki nayo imo humohumo kwenye drami. Dondoshea tone kwenye kikombe cha maji. Mafuta ya breki ya kawaida yatachanganyika na maji, oili itaelea.

Kobe66
Imeelea mzee. Na inanuka yai viza.

Dereva_Mstaafu
Basi ni giaboksi. Harufu hiyo ni ya salfa iliyomo kwenye oili ya gia.

Mjuaji_Mkuu
Uza hilo kopo ununue gari.

Kobe66
Asante kwa mchango.

Spana36
Mkuu, usinunue sili ya tatu kwanza. Sili mbili kufa mfululizo maana yake kuna kitu kinaziua, au oili haipiti kwenye sili kabisa. Ukifungua, angalia vitu hivi.

Mdomo wa sili hausuguani na ekseli yenyewe, unasuguana na spesa, ile pete nene ya chuma inayokaa nje ya beringi. Miaka yote hiyo mdomo umekuwa ukizunguka palepale. Ifute spesa iwe kavu, halafu pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, hiyo spesa imekwisha, hata umvalishe sili ya dhahabu. Seti nyingi za sili haziji na spesa, ndiyo maana watu wanairudisha ileile ya zamani bila kuwaza.

Halafu kuna o-ringi mbili, zile pete za mpira. Kubwa inazunguka beringi, ndogo inavaa kwenye ekseli nyuma ya spesa, na upande wa spesa uliochongwa kimshazari ndio unaoielekea. Hiyo ndogo ikikosekana, oili inatambaa kwenye meno ya ekseli na kutokea katikati ya drami, pale penye nati. Sili haihusiki hapo hata kidogo.

Mwisho, kifuniko cha beringi kina tundu dogo ambalo lazima litazame chini. Kazi yake ni kutoa nje oili itakayoiponyoka sili. Likiziba, oili haina njia isipokuwa kwenye breki shuu zako. Hiyo silikoni uliyopaka "kila mahali" inanitia wasiwasi.

BintiFundi
Naunga mkono, ila hakuna aliyegusa kiwango cha oili. Giaboksi hiyo inachukua lita 2.5. Gari likiwa limesimama sawa, fungua plagi ya kujazia ya pembeni kwa funguo ya pembe sita ya milimita 17. Oili inatakiwa iishie kwenye mdomo wa tundu. Ikizidi, inakimbilia kwenye mabomba ya ekseli na kuikandamiza sili. Tumia oili ya gia yenye uzito wa SAE 90, daraja la GL-4. Nzito zaidi ya hapo itakupa gia ngumu asubuhi, na bado itavuja.

Ukichunguza, pita na tochi kwenye ile mipira iliyo giaboksi inapokutana na ekseli. Ile yenye mshono wa bolti ndogo, mshono usiwe chini, na uikaze gari likiwa limesimama kwenye matairi yake. Ukiikaza ekseli zikiwa zinaning'inia, mpira utajikunja.

Spana36
Nati ya katikati ya drami, ile ya milimita 36, ilegeze tairi likiwa bado chini, gari lisije likakuangukia. Toa kwanza pini yake. Kisha inua upande wa kushoto peke yake ili oili ikimbilie kulia, utafanya kazi pakavu. Weka stendi, usiamini jeki.

Wakati wa kurudisha, nati inataka kukazwa kwa karibu Nm 300 (nyutoni mita). Kama huna spana ya kupimia, chomeka bomba kwenye mpini wa spana; mtu wa kilo 60 akisimama juu yake, nusu mita kutoka katikati ya nati, bomba likiwa limelala sawa, mko hapohapo. Tundu la pini lisipolingana, kaza mbele mpaka tundu linalofuata. Usirudishe nyuma.

Kobe66
Na breki shuu nizioshe kwa petroli?

BintiFundi
Hapana kaka. Zimeshakunywa oili, zikipata moto zinaitapika tena. Badilisha za nyuma zote, kushoto na kulia.

Kobe66
MREJESHO. Nimefungua Jumamosi. Ukucha ulikwama kwenye spesa kabla hata sijaubonyeza. O-ringi ndogo sikuikuta, na siwezi kumlaumu fundi kwa sababu mimi ndiye niliyefungua mara ya mwisho. Na lile tundu, Spana36, lilikuwa limezibwa na silikoni yangu mwenyewe, nyekundu, nimeichokonoa kwa waya. Kiwango cha oili kilikuwa sawa.

Nimeweka spesa mpya, o-ringi zote mbili, gasketi, sili na breki shuu nne. Mdogo wangu ana kilo 60 kamili, kasimama kwenye bomba kama alivyoelekezwa. Wiki ya tatu hii, kadibodi niliyotandika chini bado kavu upande wa kushoto.

Kulia kumeanza kutoa jasho.

Spana36
Mpe mdogo wako taarifa mapema.