Leseni ya mke wangu imekwama Minnesota: nimwandikie mwakilishi wetu wa jimbo?

Baba Kemunto:

Habarini wakubwa kwa wadogo. Naomba ushauri, hasa kwenu mliokaa Minnesota muda mrefu.

Tulihamia huku kutoka Texas mwaka jana kwa ajili ya kazi yangu. Mke wangu ni muuguzi. Kule Texas cheo chake kinaitwa LVN, huku wanaita LPN, kazi ni ileile. Leseni yake inakubalika katika majimbo mengi yaliyo kwenye mkataba wa leseni za wauguzi, lakini Minnesota haimo katika mkataba huo, kwa hiyo ilibidi aombe leseni ya huku. Ombi liko kwenye ofisi ya jimbo tangu kabla ya Krismasi. Kila akifungua akaunti yake anakuta maneno yaleyale, kwamba linashughulikiwa. Akipiga simu anaambiwa awe na subira. Nyumba ya wazee iliyomkubalia kazi imesema itamngoja hadi mwisho wa mwezi, kisha nafasi apewe mwingine. Kwa sasa anafanya zamu za usiku kama msaidizi wa wagonjwa, kwa malipo ya chini sana kuliko anayostahili, na mimi naona anavyochoka.

Sasa, kila Ijumaa napata baruapepe ya mwakilishi wa eneo letu katika Baraza la Wawakilishi la jimbo. Anaeleza miswada iliyopita kamati gani, barabara itakayofungwa, likizo ya malipo iliyoanza Januari, mikutano ya wananchi maktabani. Mwisho kabisa pana mstari unaosema ukiwa na shida na idara yoyote ya jimbo, ofisi yake iko tayari kusaidia.

Mstari huo ni wa kweli, au ni adabu ya wanasiasa? Na sisi si raia, tuna grini kadi tu, hatupigi kura. Je, tunayo haki ya kumsumbua? Hofu yangu kubwa ni wale wa ofisini wakiona tumewasemea kwa mheshimiwa wakaliweka faili chini ya mengine. Nashukuru mapema.

Mama Zuri:

Shemeji, pole, na mpe pole zaidi mwenzio. Zamu za usiku na watoto nazijua.

Mstari ule ni wa kweli. Kila mbunge wa jimbo ana msaidizi, na sehemu kubwa ya kazi ya msaidizi huyo ni hii hii: mwananchi amekwama mahali, ofisi inapiga simu kwa idara na kuuliza faili liko wapi. Idara nazo zina watu maalum wa kujibu maswali ya wabunge. Swali lako likipita njia hiyo linaangukia meza nyingine, si ile ya foleni ya kawaida, na aghalabu ndipo inagundulika kwamba kuna karatasi moja haijafika na hakuna aliyekuambia.

Ila jua mpaka wao. Mbunge anauliza, haamuru. Hawezi kusema mpeni leseni. Anaweza kusema mwananchi wangu ana haki ya kujua ombi lake limefika hatua gani. Kwa kesi kama yenu mara nyingi hilo ndilo linalotakiwa.

Mzee wa Duluth:

Kuhusu uraia, ondoa wasiwasi. Maeneo ya uchaguzi huchorwa kwa kuhesabu wakazi wote, si wapiga kura peke yao. Sensa ya 2020 Minnesota ilibakiza kiti chake cha nane cha Kongresi kule Washington kwa tofauti ya watu 26. Ishirini na sita tu! Katika hesabu hiyo tulikuwemo sisi, watoto wetu, wenye grini kadi na wanafunzi. Mwakilishi ni wako kwa sababu unaishi pale. Atakachotaka kujua ni anwani yako, si kadi ya kura.

Tahadhari moja tu, na naomba kila mwenye grini kadi aisome mara mbili. Ukikutana na fomu ya kujiandikisha kupiga kura, iwe mkutanoni, kwenye meza ya chama au ofisi ya leseni za udereva, usitie sahihi. Kumwandikia mbunge ni halali kabisa. Kujiandikisha kupiga kura kama hujawa raia kunaweza kukuharibia kila kitu.

Dada Neema:

Mimi nimetafsiri kwenye mikutano mingi ya wananchi na naona watu wetu wanapotea mahali pamoja kila mara. Wanasikia "seneta" na "mwakilishi" wakadhani ni mtu mmoja. Kuna wa Washington na kuna wa Saint Paul, makao ya bunge la jimbo. Amy Klobuchar na Tina Smith ni maseneta wa Washington. Uhamiaji, pasipoti, Social Security na mafao ya wanajeshi wa zamani ndiyo mambo ya ofisi zao na ya mwakilishi wako wa Kongresi. Leseni za kazi, leseni ya udereva, kodi ya jimbo, barabara kuu za jimbo, hayo ni ya Saint Paul. Nimeona mama amebeba karatasi za uraia za mumewe hadi kwenye mkutano wa mbunge wa jimbo, amekaa saa mbili akingoja zamu yake, kuja kuambiwa kwa upole kwamba hapa sipo.

Halafu kuna kaunti. Msaada wa chakula, bima ya afya ya Medical Assistance na msaada wa kulipia malezi ya watoto, maombi yake yanapitia kaunti ingawa sheria na pesa vinatoka juu. Theluji mtaani kwako ni ya jiji, lakini theluji kwenye barabara kuu yenye namba ya jimbo ni ya idara ya uchukuzi ya jimbo.

Kwa hiyo baba Kemunto, kwa leseni ya mama umegonga mlango sahihi.

Kuhusu nani wa kumwandikia: Minnesota ina maeneo 67 ya Seneti, na kila moja limegawanywa mara mbili, A na B, kwa ajili ya Baraza la Wawakilishi. Wote pamoja ni wabunge 201. Una seneta mmoja wa jimbo na mwakilishi mmoja. Ingiza anwani yako kwenye tovuti ya bunge la jimbo utaona majina yao. Anza na yule anayekutumia taarifa, kwa sababu tayari amekualika. Usiwaandikie wote wawili siku moja, wasaidizi wao watajikuta wanauliza swali lilelile kwenye idara ileile.

Kijana wa Kisii:

Kwa nini asimwandikie Huldah Momanyi Hiltsley? Si ni mtu wetu, amezaliwa Kenya, na alichaguliwa 2024?

Dada Neema:

Kaka, tunajivunia naye sote. Lakini yeye ni wa eneo 38A, upande wa Brooklyn Park na Osseo. Kama baba Kemunto anakaa humo, huyo ndiye wake. Kama anakaa kwingine, barua yake kwa kawaida itaelekezwa kwa mbunge wa anwani yake, na siku zitakuwa zimepotea. Kwetu tumezoea kumtafuta mtu anayemjua mtu. Hapa anwani ndiyo inayokufungulia, hata kama mwakilishi wako hajawahi kusikia habari za Nyamira.

Mama Zuri:

Kabisa. Na mbunge wa huku hana mfuko wa bursary kama NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo ya majimbo ya uchaguzi nyumbani Kenya. Usimwombe karo wala mchango wa matanga. Nimeona mtu amefanya hivyo, na msaidizi wa watu hakujua aanzie wapi kumjibu.

Mwana Uvira:

Jambo wandugu. Mimi niko Moorhead. Nilisaidiwa na ofisi ya mbunge wa jimbo kwa jambo lingine, kwa hiyo nieleze namna ya kuandika, maana barua ya kwanza ndiyo inaamua.

Kwanza, aandike mama mwenyewe, au wewe uandike na yeye aweke sahihi ya ridhaa. Ombi ni lake. Idara haitazungumza habari zake na mtu mwingine bila karatasi ya ruhusa, na ofisi ya mbunge itawaletea fomu hiyo kabla ya kupiga simu. Ijazeni siku hiyohiyo.

Pili, msieleze maisha yote. Msaidizi anasoma barua nyingi kwa siku. Iwe hivi, mkiiweka kwa Kiingereza:

"Mheshimiwa, naitwa fulani, naishi anwani hii, katika eneo lako. Niliomba leseni ya LPN kwa kuhamisha leseni yangu ya Texas tarehe fulani. Namba ya ombi ni hii. Alama za vidole nilitoa tarehe fulani. Uthibitisho wa leseni ya Texas uliombwa tarehe fulani. Nilipiga simu tarehe fulani nikaambiwa hivi. Mwajiri wangu ananingoja hadi tarehe fulani. Naomba ofisi yako iulize kama kuna karatasi inayokosekana, na kama hakuna, ombi liko hatua gani na linatarajiwa kukamilika lini."

Basi, inatosha. Usiseme idara ni wavivu, usiseme mnabaguliwa kama huna ushahidi. Tarehe ndizo zinazosema. Ile ya mwajiri kungoja ina nguvu kuliko malalamiko yote.

Barua ya mwajiri kama mnayo, iambatanisheni. Nyumba za wazee zinahangaika kupata wauguzi kila mahali, na mbunge yeyote anajua hilo.

Mzee wa Duluth:

Naongeza kwa hofu yako ya kisasi. Nimekaa jimbo hili miaka mingi, nimewapeleka watu wengi kwenye ofisi hizi, na sijaona faili likizikwa kwa sababu mbunge ameuliza. Swali la mbunge linaandikwa na linatakiwa kujibiwa. Uliza kwa heshima, lakini uliza. Watu wetu wanavumilia mno mambo ambayo yangekwisha kwa simu moja.

Wakati mnangoja, mama aiulize ile ofisi moja kwa moja kama anaweza kupewa kibali cha muda. Na ahakikishe Texas imeona jina lile lile. Akina mama wengi wana jina la ubini kwenye cheti cha shule na la ndoa kwenye leseni, na hapo ndipo mambo hukwama.

Nesi Rehema:

Mimi ni RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, hapa Minneapolis, na suala hili linaniuma kwa sababu tunalirudia kila mwaka. Majirani zetu wote, Wisconsin, Iowa, Dakota ya Kaskazini na ya Kusini, wamo katika mkataba wa leseni za wauguzi. Minnesota haimo. Muuguzi anayekaa Hudson upande wa Wisconsin anaweza kufanya kazi katika majimbo mengi kwa leseni moja, lakini akivuka daraja kuja kazini upande wetu anahitaji ya pili. Muswada wa kujiunga umeletwa mara nyingi na haujapita. Chama cha wauguzi cha jimbo kinaupinga, wakisema viwango na usimamizi wetu vitashuka. Hospitali nyingi zinautaka. Mimi nautaka, na nina wenzangu ninaowaheshimu wasioutaka.

Nasema haya kwa sababu, kaka, mna mambo mawili na msiyachanganye katika barua moja. Ombi la mama ni huduma, na msaidizi anaweza kulishughulikia wiki hii. Mkataba ni sheria. Huo unahitaji sauti kwenye kamati. Kikao cha mwaka huu wa 2026 kilianza Februari na lazima kiishe kufikia Mei 18, na Novemba viti vyote 201 vinapigiwa kura, kwa hiyo masikio yako wazi. Mtu yeyote anaweza kuomba kutoa ushahidi mbele ya kamati, raia au si raia. Hadithi ya mama Kemunto, dakika mbili tu, ingewafanya waelewe kuliko takwimu za wataalamu.

Kijana wa Kisii:

Kwa kuwa mmezitaja hizo taarifa za Ijumaa, mimi huwa nazifuta bila kusoma. Kuna kitu cha maana humo?

Mama Zuri:

Mdogo wangu, acha kuzifuta. Unapanga nyumba? Mwenye nyumba alitakiwa akupe cheti cha kodi uliyolipa kufikia Januari 31. Tangu mwaka wa kodi wa 2024, marejesho ya wapangaji yanaombwa ndani ya fomu ya kodi ya mapato ya jimbo, hayana fomu yake pembeni kama zamani. Wapo waliokosa kwa kutojua hilo tu. Unafanya kazi group home, zile nyumba za kutunzia wenye ulemavu? Tangu Januari 2024 unajipatia saa moja ya likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa kila saa 30 unazofanya, hadi 48 kwa mwaka, hata kama ni kazi ya muda. Na likizo ya malipo ya jimbo iliyoanza Januari 2026 inatoa hadi wiki 12 za ugonjwa wako na hadi 12 za kutunza familia, mradi zisizidi 20 kwa mwaka. Mchango kwa mwaka 2026 ni asilimia 0.88 ya mshahara, na kwa kawaida mwajiri analipa angalau nusu yake. Mke wako akijifungua, utaikumbuka hiyo baruapepe.

Baba Kemunto:

Wapendwa, Mungu awabariki. Mama aliandika mwenyewe Jumatatu usiku kabla ya kwenda zamu, kwa mpangilio wa ndugu yetu wa Uvira, na barua ya mwajiri tukaiambatanisha. Msaidizi alijibu kesho yake saa nne asubuhi, akataka fomu ya ridhaa. Tumeijaza na kuirudisha. Leo amepiga simu. Anasema alama za vidole zimefika, lakini uthibitisho kutoka Texas una jina la ubini na ombi lina jina la ndoa. Mzee wa Duluth, ulisema. Wanataka nakala ya cheti cha ndoa, na cheti chetu ni cha Kisii, chenye Kiingereza, nadhani kinatosha?

Mwajiri ameongeza wiki mbili alipoona mawasiliano ya ofisi ya mbunge.

Na Nesi Rehema, mama anasema atakuja kwenye kamati. Anauliza avae sare ya kazi au nguo za kawaida.

Nesi Rehema:

Cheti chenye Kiingereza kinatosha, ila tumeni nakala safi yenye mhuri unaoonekana, pande zote mbili. Na kamati aje na sare, tafadhali. Wengi wetu tutatoka zamuni moja kwa moja. Nitumie ujumbe wa faragha nikupe siku ya kusikilizwa ikishatangazwa, tutapanda gari moja kwenda Saint Paul.