Naomba ushauri: namteteaje gavana aliyekalia miswada?

Wakuu, nasoma sheria India, na Ijumaa nina mdahalo darasani. Nimepangiwa kumtetea gavana wa jimbo, upande ambao hata mwenyewe siuamini.

Gavana wa huku si kama wa kaunti kule Kenya. Hapigiwi kura, anateuliwa na Rais, na Ibara ya 163 inamtaka afuate ushauri wa mawaziri isipokuwa pale Katiba inapompa hiari. Kesi ya Nabam Rebia (2016) ndiyo inanibana: gavana wa Arunachal Pradesh alivuta kikao cha bunge kutoka Januari 14, 2016 hadi Desemba 16, 2015 bila ushauri huo, majaji watano wa Mahakama ya Juu wakaibatilisha amri yake.

Kuna na miswada. Aprili 2025 majaji wawili wa mahakama hiyo waliamua miswada 10 ya jimbo la Tamil Nadu ihesabiwe imeshapata kibali cha gavana, wakaweka na ukomo wa muda wa gavana kuamua. Novemba majaji watano wakatoa maoni kwamba mahakama haina uwezo wa kuweka ukomo huo, ila gavana naye asikalie mswada milele.

Nishikilie hayo maoni ya Novemba, au nianze na maneno ya Ibara ya 200 yenyewe, inayosema gavana afanye nini na mswada uliopitishwa na bunge? Nina dakika saba tu, na mwalimu hapendi mtu anayeikwepa Nabam Rebia.