Tupeane uzoefu: mlipobaki watoto peke yenu bila mkubwa, nani alishika usukani?

Mkaazi wa Uzi
Asalaam alaykum ndugu zangu. Juzi watoto wa kijijini petu walichelewa mikokoni mpaka Isha, kijiji kizima kikatoka na kurunzi. Nimekumbuka yetu. Naanza mie, na nyie leteni yenu.

Sie tulivuka asubuhi kwenda Vundwe, kisiwa jirani na Uzi yetu, kutafuta kombe za pwani. Waliokulia Uzi wanajua: siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, yanatoka saa nne, unapita kwa miguu, lakini yakishageuka hayamngoji mtu, saa kumi jioni yamejaa. Tulinogewa. Kurudi mkondoni, maji yanawafika wadogo kifuani, tena yanavuta. Kaka mmoja, mkubwa kuliko sote, akasema wanaojua kuogelea wavuke, wengine watajijua. Wadogo wakaangua kilio.

Aliyetuokoa ni binti mmoja aliyekuwa akimsaidia mwalimu kusomesha alifu chuoni, chuo cha Kurani. Hakubishana naye. Alitukalisha safu vile vile kama chuoni, wadogo mbele, akatuhesabu kwa kutugusa kichwa mmoja mmoja, akasema haondoki mtu mpaka maji yatoke usiku. Akampa yule kaka kijiti: akichomeke ukingoni, atazame maji yanapanda au yanashuka, kisha aje amwambie. Kazi ile ilimtuliza. Kila mara anakwenda, anarudi, anatoa habari.

Maji ya kunywa yalikuwa kidumu kimoja. Akapima kwa kifuniko, kuanzia mdogo kabisa, yeye wa mwisho. Mwenzetu mmoja alificha kipande cha muhogo ndani ya kanzu. Kikatolewa, kikakatwa mbele yetu sote, na yeye akapewa sehemu yake sawa na wengine. Hakunyimwa, na baada ya hapo hakuficha mtu tena. Saa tatu usiku mkondo ukavukika, tukashikana mikono, wakubwa wanatujia na kandili.

Bint Micheweni
Waalaykum salaam kaka. Kwetu ilikuwa nyumbani. Mama alichukuliwa usiku kupelekwa hospitali Chake kujifungua, baba yuko dago, kambi ya wavuvi. Dada yetu, hata darasa la sita hajamaliza, akatwaa ufunguo wa ghala ya mchele akaufunga kwenye pindo la kanga. Jirani akija kuuliza, tunajibu mama kalala. Tulihofu tukisema kweli tutagawanywa, huyu kwa shangazi, yule kwa mjomba. Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa ukoko! Dada akaweka zamu: anayekwenda kisimani ndiye mwenye ukoko siku ile. Foleni ya kisimani ikawa ndefu.

Kijana wa Mkoani
Nyie mlipata watu wema. Sie vijana tuliachwa kisiwa cha Misali kulinda dago, wakubwa wametoka usiku kuvua. Upepo ukachafuka, wakashindwa kurudi, wakajihifadhi upande wa Pemba. Misali hakuna maji ya kunywa, unayabeba mwenyewe. Mwenye nguvu kuliko sote akakalia dumu. Ukitaka maji, umletee kuni, umkunie nazi, umchekee. Aliyekataa alipigwa. Mdogo wetu mmoja akaanza kutapika na bado aliambiwa akaokote kuni. Wawili wakaliiba dumu mwenyewe amelala, wakalifukia mchangani, na wao wakawa wabaya vile vile. Kila mmoja akilala na jiwe mkononi. Samaki walikuwapo tele. Kilichotuangusha ni kwamba tangu mwanzo hakuna aliyesema maji haya ni ya wote.

Mkaazi wa Uzi
Pole sana ndugu yangu. Huyo aliyetapika mlimfanyaje?

Kijana wa Mkoani
Tulimlaza kivulini. Kaka yake akawa anachovya ncha ya kikoi kwenye maji kwa kujificha, anamkamulia mdomoni. Mashua ilipofika, mtoto hawezi kusimama. Alipona, alhamdulillah. Lakini mpaka leo yule wa dumu akiingia msikitini, mdogo huyo hubadilisha safu.