Naomba ushauri: kyubiti yangu inavuja

Wakuu, habari za jioni. Nipo Dodoma, mwaka wa tatu fizikia. Mradi wangu ni kuigiza kwenye laptopu kyubiti (biti ya kompyuta ya kwanta) ya transmoni, yaani saketi ndogo ya superkondakta. Ya kweli inataka baridi ya milikelvini 10 hivi. Huku Nkuhungu hata feni inanishinda.

Nikituma pigo la maikrowevu la gigahezi 5 kwa nanosekunde 20, inatoka ngazi ya nishati 0 kwenda 1 safi kabisa. Nikilifupisha hadi nanosekunde 4, sehemu yake inarukia ngazi ya 2 (ndiko kuvuja kwenyewe), maana pigo fupi husambaa kwenye masafa mengi, na pengo la 1 hadi 2 ni dogo kuliko la 0 hadi 1 kwa megahezi 250 tu. Nirefushe, au nibadili umbo la pigo? Mapigo ninayo mengi mfululizo, naogopa hali itafifia kabla sijaisoma kupitia rezoneta (saketi ya kusomea kyubiti). Msimamizi kasema "jaribu tu". Mliopita hapa, mlianzia wapi?