Mjadala: Je, Nairobi ipokee majaribio ya MDMA kwa wagonjwa wa kiwewe?

Mtoa hoja

Tarehe 9 Agosti 2024, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikataa ombi la kampuni ya Lykos la kuidhinisha MDMA (dawa ya kulevya ijulikanayo mitaani kama ecstasy) pamoja na tiba ya mazungumzo kwa wagonjwa wa PTSD, yaani msongo unaobaki baada ya kiwewe. Iliitaka kampuni ifanye jaribio jingine la awamu ya tatu, yaani jaribio kubwa la mwisho kabla ya idhini. Australia ilikuwa imekwisha kuchukua njia nyingine: tangu Julai 1, 2023, madaktari wa akili walioidhinishwa wanaweza kumwandikia mgonjwa dawa hiyo. Jiji letu lina makovu ya mashambulizi ya kigaidi ya Agosti 7, 1998, ya Westgate na ya DusitD2, na ukatili wa majumbani ambao hauna tarehe. Jaribio hilo jingine lingeweza kufanyika hapa. Mimi nasema tulikubali, kwa masharti. Leteni hoja.

Daktari wa Upper Hill

Naunga mkono. Kwa wasioifahamu tiba hii: mgonjwa hapewi vidonge akaenda navyo nyumbani. Kwanza kuna vikao 3 vya maandalizi, kila kimoja dakika 90. Halafu vikao 3 vya dawa, kila kimoja saa 8 hivi, vikiachana kwa takriban mwezi mmoja. Kikao cha kwanza ni 80 mg, na baada ya saa moja na nusu hadi mbili huongezwa 40 mg. Viwili vinavyofuata, 120 mg na nyongeza ya 60. Kila kikao cha dawa hufuatwa na vikao 3 vya kuyachambua yaliyoibuka. Watibabu wawili wapo chumbani muda wote.

Jaribio la kwanza kubwa, lililochapishwa 2021 likiwa na watu 90, lilionyesha kuwa asilimia 67 ya waliopata dawa hawakuwa tena na vigezo vya PTSD mwishoni, dhidi ya 32 ya waliopata kidonge tupu, kisicho na dawa, na mazungumzo yale yale. La pili, la 2023, watu 104: asilimia 71 dhidi ya 48. Dawa zilizoidhinishwa na FDA kwa ugonjwa huu ni mbili tu, sertraline na paroxetine, na wengi hubaki na jinamizi zao hata wakizimeza kila siku.

Mtakwimu, Juja Road

Daktari, tazama vizuri hizo 48. Karibu nusu ya waliopata kidonge tupu walipona kwa mazungumzo peke yake. Na tofauti iliyobaki haiaminiki kikamilifu, kwa sababu washiriki walijua walichomeza. Katika jaribio la pili, takriban asilimia 94 ya waliopata MDMA na 75 ya waliopata kidonge tupu walikisia kwa usahihi walichopewa. Aliyesubiri miaka mingi apate dawa hii, akakaa chumbani saa 8 bila kuhisi lolote, huvunjika moyo, na kuvunjika moyo kunaingia kwenye alama za dalili zake. Wapimaji wa CAPS-5, mahojiano ya kupima ukali wa PTSD, hawakujua nani amepata nini, ni kweli, lakini wanapima kwa kumsikiliza mtu anayejua.

Katika awamu ya pili walijaribu dozi ndogo, 25 hadi 40 mg, ili washiriki wasitambue walichopewa. Siri ilifichika kiasi, lakini waliopata dozi hizo walinufaika kidogo kuliko inavyotarajiwa hata kwa kidonge tupu, kwa hiyo tofauti ingevimbishwa. Ndiyo maana wakarudi kwenye kidonge tupu. Tatizo hilo halitatuliwi kwa kulihamishia Nairobi. Kamati ya washauri wa FDA, Juni 4, 2024, ilipiga kura 9 kwa 2 kwamba ufanisi haujathibitishwa, na 10 kwa 1 kwamba faida hazijazidi hatari.

Mfamasia wa Ngara

Mnabishana kuhusu alama. Mimi naogopa ini na moyo. MDMA huvunjwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2D6, na yenyewe hukizuia kimeng'enya hicho hicho. Kwa hiyo dozi ya nyongeza hupandisha kiwango katika damu kuliko hesabu ya kawaida inavyosema. Aina ya CYP2D6 inayofanya kazi polepole, inayoitwa *17, ni ya kawaida kwetu Waafrika na adimu kwa Wazungu. Wengi wa washiriki wa jaribio la 2021 walikuwa Wazungu. Basi 120 mg ya kule si lazima iwe 120 mg ya hapa.

La pili, ritonavir, dawa ya HIV ambayo nayo huzuia MDMA isivunjwe. Mwaka 1996 nchini Uingereza mgonjwa aliyekuwa akitumia ritonavir alifariki baada ya kumeza MDMA. Dawa za mstari wa kwanza za HIV hapa nchini, zenye dolutegravir, hazina ritonavir, lakini za mstari wa pili nyingi zinayo. Swali la ARV liulizwe faraghani, na jibu lilinganishwe na kadi ya kliniki.

La tatu, fluoxetine, dawa ya sonona. Hudhoofisha kazi ya MDMA, na hukaa mwilini hata wiki 5 baada ya kuachwa. Maana yake ni kumwondoa mgonjwa wa kiwewe kwenye dawa inayomshikilia, polepole, wiki kadhaa kabla ya kikao cha kwanza. Hapo ndipo mawazo ya kujiua yanapoweza kurudi, na hapo ndipo simu ya mgonjwa inapaswa kupokelewa hata usiku wa manane.

Na miraa, jamani. Kathinoni, kichangamshi kilichomo ndani yake, hupandisha presha na mapigo ya moyo, na MDMA hufanya vivyo hivyo. Itifaki iliyoandikwa Marekani haitauliza kuhusu miraa.

Mnasihi wa Kayole

Hesabu yangu ni ya saa. Maandalizi saa 4.5, dawa saa 24, uchambuzi saa 13.5: jumla 42. Mara watibabu wawili, saa 84 kwa mgonjwa mmoja. Mpango wa PM+, ushauri nasaha mfupi wa kukabili matatizo, uliojaribiwa Dagoretti kwa wanawake 421, wengi wao waliopitia ukatili, ulitumia vikao 5 vya dakika 90, vikiendeshwa na wahudumu wa afya wa jamii wasio madaktari. Dhiki yao ilipungua. Hizo ni saa 7.5. Kwa muda wa mgonjwa mmoja wa MDMA ningehudumia wanawake 11.

Daktari wa Upper Hill

Mnasihi, hesabu yako ni sahihi, ila unalinganisha wagonjwa wasiofanana. PM+ imetengenezewa dhiki ya jumla. Mimi nazungumzia yule ambaye kila akikaribia kumbukumbu yake mwili unaganda, anatoka kikaoni, harudi tena. MDMA hupunguza woga kwa saa chache ili aweze kuikalia. Ni wagonjwa wachache, ndiyo, na hawana pa kwenda.

Mnasihi wa Kayole

Wana pa kwenda, Daktari. Tiba ya kusimulia maisha, NET, ilijaribiwa Uganda kwa wakimbizi wa Kinyarwanda na Kisomali kambini Nakivale, na wasimamizi wake walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa. Unalaza kamba sakafuni, jiwe kwa kila tukio baya, ua kwa kila jema, kisha mnapita jiwe kwa jiwe, polepole, mpaka lenye moto lipoe. Kabla ya kumwita mgonjwa sugu, tuulize kama amewahi kupewa hata hiyo.

Mtakwimu, Juja Road

Hapo ndipo jaribio lenye maana lilipo. Wachukuliwe waliomaliza NET na bado wako juu katika CAPS-5. Kundi moja lirudie NET pekee, jingine NET pamoja na MDMA. Kila kikao mshiriki aulizwe anadhani amepata nini, na jibu liingizwe kwenye uchambuzi. Na furaha kupita kiasi iandikwe kama athari ya dawa. FDA ililalamika kwamba hilo halikukusanywa.

Wakili, Milimani

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 unaruhusu utafiti kwa idhini maalumu, kwa hiyo sheria haijafunga mlango. Kinachonitisha ni chumba. Agosti 2024 jarida la Psychopharmacology liliondoa makala tatu za utafiti wa MDMA kwa sababu ya mwenendo mbaya wa watibabu katika kituo kimoja cha awamu ya pili, Vancouver. Mgonjwa aliye ndani ya dawa hawezi kutoa ridhaa mpya. Ridhaa ya kuguswa, hata kushikwa mkono, iandikwe siku za maandalizi na isipanuliwe siku ya kikao. Kamera iwake muda wote, na kanda zishikwe na kamati ya maadili, si mfadhili.

Mnasihi wa Kayole

Basi niongezeeni kifungu kimoja. Kikao kikianza saa tatu asubuhi, kinaisha saa kumi na moja jioni, na mwanamke anatoka akiwa laini kama jeraha lililofunguliwa. Kama aliyemjeruhi ndiye mumewe, na ndiye atakayemfungulia mlango, mnampeleka wapi? Mkimwondoa kwenye utafiti, mmeondoa nusu ya wagonjwa wangu.

Daktari wa Upper Hill

Asiondolewe. Kifungu kiandikwe hivi: hakuna kikao cha dawa bila makao salama yaliyolipiwa usiku huo na siku mbili zinazofuata, na mtu wa kumsindikiza ambaye amemchagua mwenyewe. Bajeti isipofika hapo, idadi ya washiriki ipunguzwe, si makao.