Mjadala: Tuache kumwambia kila anayeuliza "weka VirtualBox"

Mtoa mada

Wakuu, kila anapotokea mtu anauliza atumie programu gani kuendesha mfumo mwingine ndani ya laptop yake, iwe Linux ndani ya Windows au Windows ndani ya Linux, jibu la kwanza ni lile lile: weka VirtualBox, ni bure. Hakuna anayemuuliza laptop ina prosesa gani, RAM kiasi gani, wala mfumo gani umekaa humo sasa hivi. Jibu hilo nalipinga, na naomba tulijadili kwa hoja.

Msimamo wangu: anza na kitengeneza mashine pepe (yaani kompyuta ya kuigiza inayoendesha mfumo mwingine ndani ya yako) ambacho mfumo wako umekuja nacho. Ukiwa Linux, KVM. Ukiwa na Windows Pro, Hyper-V. Programu ya nje ije baadaye, ukishaona hiyo ya kwanza imekushinda.

VirtualBox ilipotoka mwaka 2007, Intel na AMD zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kuweka uwezo wa mashine pepe ndani ya prosesa, KVM iliingizwa kwenye kiini cha Linux (kernel, sehemu ya msingi ya mfumo) mwaka huo huo, na Windows ya laptop haikuwa na kitu cha namna hiyo mpaka Windows 8 ilipokuja na Hyper-V mwaka 2012. Wakati ule ushauri ulikuwa sahihi. Mambo yamebadilika, sisi bado tunaurudia.

Chukueni laptop mpya yenye Windows 11. Mara nyingi ule ulinzi wa memori (Memory integrity) unaopatikana kwenye ukurasa wa usalama huwa umeshawashwa, na unaoendesha ulinzi huo chini kwa chini ni mtambo wa Hyper-V. Hyper-V ikishaushika uwezo wa prosesa, VirtualBox haiupati tena moja kwa moja, inabidi ipitie mlango wa Hyper-V. Chini ya dirisha la mashine pepe kunatokea alama ndogo ya kobe wa kijani. Mwenye laptop hajui maana yake. Anachoona ni Ubuntu inayojivuta, kisha anaondoka akiamini Linux ni nzito. Akiuliza tena, anaambiwa azime ulinzi ule. Yaani tunamshusha mtu usalama wa laptop nzima ili programu tuliyomchagulia sisi ipate kasi. Hilo silikubali.

Kwenye Linux tatizo ni jingine. VirtualBox inategemea moduli yake (kipande cha programu kinachochomekwa kwenye kiini), vboxdrv, ambayo haimo kwenye kiini. Kiini kikisasishwa, moduli lazima ijengwe upya, na Secure Boot (ukaguzi wa saini wakati kompyuta inawaka) ikiwa imewashwa lazima itiwe saini kwanza. KVM imo ndani ya kiini, inasasishwa pamoja nacho.

Na hilo neno bure tulimalizie. VirtualBox yenyewe ni chanzo huria, chini ya leseni ya GPL. Nyongeza yake inayoitwa Extension Pack ina leseni tofauti: nyumbani na kwenye masomo hulipi, ila kazini kampuni inatakiwa ilipie. Mtu anaiweka kwenye laptop ya ofisi kwa ushauri wetu, na hakuna aliyemwambia.

Mwalimu wa mitandao

Mkuu, hoja ya ulinzi wa memori ni nzito, ila kwa mengine sikubaliani nawe.

Kwanza, umewaruka wenye Windows Home. Humo Hyper-V ya kutengenezea mashine pepe haimo, na wanafunzi wengi wanaokuja kwangu laptop zao zina Home. Pili, darasani nina Windows za aina mbili, Linux za kila namna, na Mac. Nikikufuata nitaandika mwongozo kwa kila kundi, na kila kitu kikikwama nitakuwa natibu magonjwa tofauti. Kwa VirtualBox natoa faili moja ya OVA (mashine pepe nzima iliyofungashwa). Karibu wote wanaiingiza, menyu ni zile zile, mtandao wa ndani tunaupanga kwa kubofya. Kabla ya zoezi wanahifadhi hali ya mashine. Wakiiharibu, wanairudia, tunaendelea.

Tatu, KVM unaisifia bila kusema inavyomtesa anayeanza. Mwanafunzi anataka kuweka Windows ndani ya Linux. Kasoma kwamba diski ya aina ya virtio (iliyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe) ndiyo yenye kasi, kaichagua. Usakinishaji unakwenda vizuri mpaka hatua ya kuchagua diski, anakuta orodha tupu. Diski ipo, ila Windows haina draiva ya virtio, yaani programu ya kuiwezesha kuiona diski hiyo. Inabidi apakue ISO ya draiva, aiambatishe kama CD ya pili, arudi kwenye ukurasa ule ule, abofye kitufe cha kupakia draiva, kisha atafute folda ya viostor na ndani yake achague toleo la Windows analoweka. Wewe na mimi tunajua. Yeye anaona kompyuta imemwambia hana diski, na wengi huishia hapo.

Mtumiaji wa Mac

Samahani, wote wawili mnajadili kana kwamba kila laptop ina Intel au AMD. Tangu Apple ilipotoa M1 Novemba 2020, Mac mpya zina prosesa za familia ya ARM, zenye lugha tofauti na ya Intel na AMD, na mashine pepe haibadilishi lugha ya prosesa. VirtualBox 7.1 ya mwaka 2024 inakaa kwenye Mac hizi, lakini mifumo inayoendesha humo ni ya ARM tu. Mwalimu, OVA yako ya Intel kwangu haiwaki.

Tunachotumia ni Parallels, ambayo Microsoft iliiidhinisha mwaka 2023 kwa Windows 11 ya Arm lakini ni ya kulipia, au UTM ambayo ni chanzo huria. UTM inaweza hata kuiga prosesa ya Intel kupitia programu iitwayo QEMU. Ukijaribu Windows ya kawaida kwa njia hiyo utasubiri sana, kwa kazi ya kila siku haifai.

Mchangiaji mwingine

Mbona VMware haitajwi? Workstation Pro ilifanywa bure kwa matumizi binafsi Mei 2024, na Novemba mwaka huo ikawa bure hata kwa biashara. Kwa mfumo wenye picha nzito mimi naiona iko mbele ya VirtualBox, na ile hofu ya leseni ya ofisini haipo.

Mtoa mada

Ndugu wa VMware, mimi bure ya namna hiyo naiogopa. Kampuni imepita kwa EMC, kisha Dell, kisha Broadcom mwaka 2023. Aliyetoa bure kwa uamuzi wake anaweza kuirudisha kwa uamuzi wake, na hata sasa huipakui mpaka ufungue akaunti kwao. Anayeichagua ajue namna ya kutoka: amri ya qemu-img inageuza diski za vmdk, vdi, vhdx na qcow2 kutoka aina moja kwenda nyingine. Kabla ya kugeuza, unganisha kwanza hali zote ulizohifadhi, la sivyo utabeba diski yenye mambo ya zamani. Na tatizo la kobe wa Windows 11 haliponi kwa VMware, nayo Hyper-V ikiwa imewashwa inapita mlango ule ule.

Wa Mac, umeniongezea hoja. Prosesa iulizwe kabla ya programu.

Mwalimu, mwenye Windows Home na aende VirtualBox, sina pingamizi. Ila darasa lako lina wewe. Mtu aliye peke yake hana wa kumweleza kwa nini mashine inajivuta, ndiyo maana jibu la mkato linamuumiza zaidi.

Kisha kuna RAM, na hapa nashangaa hakuna aliyeigusa. Windows 11 inataka angalau 4 GB kwa ajili yake peke yake. Kwenye laptop ya 8 GB, ukimpa mgeni (mfumo wa ndani ya mashine pepe) nusu, mwenyeji (mfumo wa laptop yenyewe) na mgeni wote wanabaki wanahema, na hakuna programu itakayoliponya hilo. Huyo nitamwambia achukue Linux nyepesi yenye madirisha mepesi ya Xfce, ampe mgeni 2 GB, au asakinishe mifumo miwili kando kwa kando achague wa kuwasha.

Nijibu moja, mwalimu: wenye Windows 11 darasani, unawaambia wazime ulinzi wa memori?

Mwalimu wa mitandao

Siwaambii. Mashine ninazowapa ni Linux ya seva isiyo na madirisha, skrini nyeusi ya amri tu, 1 GB ya RAM inatosha. Kwa kazi hiyo kupita mlango wa Hyper-V hakuwasumbui, kobe wanamwona na zoezi linaisha. Akija anayetaka mfumo kamili wenye madirisha, akae nao siku nzima akifanya kazi, huyo namuuliza ana Pro au Home. Akisema Pro, simwambii tena VirtualBox.